Mama Sungura Alikuwa Wapi

Kitale, 9 Februari 2024

Senge wangu, shangazi yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu goti lako la kushoto, halafu yule ng'ombe wako mweupe anayepiga ndoo teke. Natumaini nyinyi watatu mnasikizana. Mimi ni mzima. Baridi ya asubuhi huku inauma masikio, lakini mimi nikiwasha moto wa uji napata joto kabla ya watu wengine wote. Kazi naipenda. Mama Manisha, mwenye shule, amenipa aproni mbili, na watoto wa chekechea wananiita Anti Uji. Wako hamsini na wawili. Wakiniona bila mwiko hawanijui.

Mtoto wangu Nakhumicha aje? Anakula? Akikojoa kitandani usimwambie neno, Senge. Toa blanketi uanike, na uanike nyuma ya nyumba, si mbele.

Umeniambia ati simu ikilia anakimbia kujificha nyuma ya debe la maji. Kwa nini simu, mimi sijui. Lakini kama simu haiwezekani, basi nitasema naye kwa karatasi. Hiram, dereva wa pikapu ya duka la Hitesh, anapita Bumula kila Ijumaa na mabati. Nilimwomba anibebee barua akasema, "Bana, mimi ni posta siku hizi?" Lakini amebeba.

Sasa neno lenyewe. Dirisha la jikoni langu linaangalia darasa la Mwalimu Wamboi. Mwalimu ana soksi ya kijivu ameishonea masikio, anavaa mkononi, anaiita Sungura. Kulikuwa na mtoto mmoja hapa aliyekuwa anauma wenzake, anauma mpaka mwalimu. Wamboi hakumpiga. Kila siku alikuwa anawasimulia habari ya mbwa mdogo anayeuma, halafu anauliza, "Huyu mbwa anahisi nini? Anahisi wapi kwenye mwili?" Wiki mbili, tatu. Siku moja yule mtoto akashika shingo yake akasema, "Niko na hasira hapa." Tangu siku hiyo hajauma mtu. Mimi nilikuwa namenya viazi. Nililia, na hapakuwa na kitunguu.

Senge, mtoto wangu hajasema neno tangu Novemba. Ana miaka mitano. Nikafikiria, kama hadithi inaweza kutoa meno ya yule, inaweza kutoa sauti ya huyu.

Na nitasema tena ingawa unajua, kwa sababu nisiposema nitapasuka. Nilimwachia Everlyne mtoto wangu miezi mitatu tu nikatafute kazi. Mke wa ndugu ya marehemu Tonny, baba wa mtoto, nyumba ya damu yake, huko Tongaren. Akamfungia kwa stoo ya mahindi mchana kutwa kwa sababu ya mkojo. Akamtundika lile blanketi shingoni likiwa bado linadondoka, akaita watoto wa boma waje waimbe. Nilipoenda kumchukua alikuwa amepauka na dawa ya wadudu mpaka kope.

Kwa hivyo nimeandika hadithi. Msomee.

Palikuwa na Sungura Mdogo. Siku moja akashikwa na Linani, lile zimwi la kwetu linalokula watoto. Linani alivaa kitambaa cha kijani kichwani. Alivaa gambuti nyeupe zenye maua. Alining'iniza funguo shingoni kwa kamba ya kiatu, na akicheka, alicheka kwa pua. Akamfungia Sungura Mdogo kwa stoo, pamoja na mahindi na panya. Sungura Mdogo akakaa humo. (Hapa uliza anahisi nini, na wapi.) Mwishowe watoto wote wa dunia wakaja, wakanyakua funguo, wakamtoa Sungura, wakamwingiza Linani, wakawasha kiberiti.

Senge, unamjua huyo Linani. Na yeye akisikia atajijua.

Soma mpaka mwisho.

Mtoto wa ndugu yako,
Viola


Bumula, 7 Machi 2024

Viola mwanangu,

Barua yako ilifika inanuka grisi. Goti linakusalimu. Ng'ombe hana salamu na mtu. Mvua imechelewa, nimelima tu pale kwa mto. Padri alitembelea jumuiya yetu, akala kuku wangu yule wa madoadoa, akamsifu.

Nakhumicha anakula. Mengine naanika nyuma, kama ulivyosema.

Nilisoma hadithi yako jioni nikichambua mchicha. Yeye alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nilipotaja funguo aliingiza ule mguu wa pili. Niliuliza anahisi nini kama unavyotaka. Hakusema. Lakini alishika pua.

Ile ya kiberiti sikusoma. Usininunie. Unajua nyumba hii. Mama yangu, kukhu wako, hakumaliza hadithi hata moja maisha yake yote. Alifika pale pazuri akanyamaza, akasema, "Mdogo wenu ni nani? Afunge." Hata kama huyo mdogo ni mjinga, anafunga yeye, na tunakubali vile amesema. Wewe mwenyewe ulikuwa unafunga hadithi zote na fisi kuolewa. Basi nikamwambia Nakhumicha, "Leo mdogo ni wewe. Funga."

Hakufunga. Alienda kuangalia ndama.

Kesho yake alinichukulia karatasi kwenye rafu akaniwekea mapajani. Nikasoma tena. Na kesho yake tena. Sasa naijua kwa kichwa.

Kuhusu Everlyne, sina la kuandika.

Senge wako,
Sellah


Kitale, 15 Machi 2024

Senge wangu,

Nimeruka! Hiram shahidi. Nilimkumbatia na aproni ya masizi, akasema, "Sasa mke wangu nitamwambia nini?" Amekuletea mapajani! Hiyo ni kusema, Senge. Huyo mtoto amesema.

Salamu nyingi. Pole na kuku. Huku tumepokea watoto watatu wapya, mmoja analilia mama kuanzia lango linafunguliwa mpaka uji unakwisha. Wamboi anamwekea soksi kifuani. Nimejifunza kushona. Hii ninayotuma na barua ni ya Nakhumicha, sikio moja limekosa kidogo, nilikuwa naharakisha.

Na kuna habari nzuri, keti kwanza. Mama Manisha amekubali Nakhumicha aingie hapa Januari, PP2, darasa la mwisho la chekechea, dawati lake liwe pale ninapoweza kumwona nikikoroga. Ameweka masharti mawili tu: aweze kusema jina lake, na aweze kuomba kwenda choo. Na mimi nimejiwekea la tatu, akubali kuja nami. Maana nilipokuja Krismasi aliniangalia kama fundi wa mabati. Senge, nina mpaka Januari. Ninaandika tarehe kwenye ukuta wa jikoni kwa makaa.

Sasa, kwa kuwa hadithi inafanya kazi, nimemwongezea Linani yake. Soma haya ndani.

Linani alienda kutafuta funguo zake akakuta zimeota kutu mdomoni mwake. Fukusi walikula kitambaa cha kijani mpaka kichwa kikabaki wazi, na kichwa chenyewe kilikuwa na nywele tatu. Aliwekewa pilipili kwenye gambuti. Kila alipotaka kucheka kwa pua, alitoka kamasi. Watoto wakamfuata njiani wakiimba:

Linani, Linani,
funguo za nani?
Sungura yuko nje,
nani yuko ndani?

Mfundishe huu wimbo. Na uwafundishe watoto wa jirani pia, wote. Yeye aliwaita watoto wakamwimbia wangu. Nami nitawaita. Nikiwa nakoroga uji naongeza maneno kichwani, naona nguvu zinanipanda mikononi, uji hauna hata donge moja. Tangu Novemba sijalala vizuri hivi.

Na hilo la kufunga hadithi, sawa, ni desturi ya kukhu. Lakini kiberiti ukiweke karibu, akikihitaji.

Viola


Bumula, 10 Mei 2024

Viola,

Nimekawia. Mahindi yalikuwa yanapaliliwa, na kalamu ilikuwa na mpwa wa padri. Sisi wazima. Mvua sasa ni nyingi, choo cha jirani kimeingia shimoni, kwa bahati hapakuwa na mtu.

Soksi ilifika. Lile sikio lililokosa ndilo analopenda, analinyonya. Wimbo umeenea njia yote hii mpaka sokoni, watoto wanauimba wakienda kuchota maji. Hakuna anayejua Linani ni nani. Mimi najua, na nikiwasikia nachekea ndani ya leso. Mungu ananiona.

Sasa sikiliza. Jumanne nilikuwa nimefika pale Sungura yuko stoo. Nikauliza kama kawaida, anahisi nini. Nakhumicha akavaa soksi mkononi, ikainuka, ikaniangalia. Nikasikia sauti, ndogo, kama mtu aliyeamka na mafua. Ikasema:

"Mama yake alikuwa wapi?"

Nilidondosha kisu. Nikasema, nini mami? Akarudia, na hakuwa anaongea na soksi tena, alikuwa ananiangalia mimi.

"Mama Sungura alikuwa wapi?"

Karatasi yako haisemi. Nikamwambia nitauliza mwenye hadithi.

Nakuuliza.

Sellah


Kitale, 24 Mei 2024

Senge,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimeketi. Amesema! Maneno manne, halafu manne tena! Nimemwonyesha Wamboi, nimemwonyesha Mama Manisha, nimemwonyesha hata mzee wa kuni. Asante Senge. Mungu akupe goti jipya.

Mwambie Mama Sungura alikuwa ameenda mbali kutafuta karoti. Ndiyo. Karoti.

Na umwambie kwamba Linani sasa amevimba miguu, gambuti haziingii, anatembea pekupeku kwenye miiba ya ua wake mwenyewe, na hakuna anayempa maji.

Jikoni kuna kazi nyingi leo. Nitaandika zaidi siku nyingine.

Viola


Kitale, 5 Julai 2024

Senge,

Wiki sita hujaandika. Hiram ananijia mikono mitupu. Uko sawa? Goti? Mtoto?

Lakini Hiram ana macho hata kama hana barua! Ameniambia alipeleka viti kwa mazishi ya mzee Mukhisa huko Matulo, na ati mlikuwepo wote, wewe na Nakhumicha, na yule wa Tongaren alikuwepo pia na kitambaa chake cha kijani. Na ati watoto walimzunguka pale kwenye sufuria wakimwimbia wimbo wangu. Wimbo wangu! Watoto thelathini! Na ati alisimama katikati na sahani mkononi, uso umemwiva kama nyanya, hajui aelekee wapi.

Senge, nilicheka nikakaa chini. Nilimwambia Hiram arudie kunisimulia mara tatu. "Funguo zilikuwa shingoni?" Zilikuwa. "Alisema nini?" Hakusema. Haya basi, na yeye ajue kuimbiwa. Ajue inavyoingia masikioni ikakaa.

Niandikie kila kitu. Usiache hata moja. Nataka kujua alivyotembea akienda nyumbani.

Viola mwenye furaha


Bumula, 19 Julai 2024

Viola,

Umetaka kila kitu. Chukua.

Baada ya kaburi kufukiwa, watoto walikuwa wananisumbua nyuma ya hema, "Kukhu, hadithi, kukhu, hadithi." Nilijua nisimulie ipi. Everlyne alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anaosha sahani. Sijifichi nyuma yako. Hakuna aliyenilazimisha. Niliinua sauti makusudi. Nikaweka kitambaa, nikaweka gambuti, nikaweka zile funguo kwenye kamba ya kiatu, polepole, moja moja. Watoto wakubwa wakaanza kugeuka kumwangalia. Yeye akaacha kuosha.

Nilifika mwisho, Linani ameshikwa, watoto wa dunia wamesimama na kiberiti. Nikanyamaza. Nikasema vile tunasema, "Mdogo wenu ni nani? Afunge."

Nilidhani ni Nakhumicha. Viola, kwa nini sikuhesabu kwanza? Walipiga kelele, "Kevin! Kevin ndiye mdogo! Kevin afunge!" Wakamsukuma mbele.

Kevin wa Everlyne. Ana miaka minne. Alikuwa na kaptula ya bluu na kipande cha nyama mkononi. Aliniangalia, akamwangalia mama yake, vile alivyokuwa amesimama na kile kitambaa na zile funguo. Mtoto si mjinga. Nilimwona akiona.

Akasema, "Asichomwe. Yeye hunipikia."

Halafu akajikojolea pale pale mbele ya watu. Na hapo ndipo walipoanza kuimba. Hawakumwimbia Everlyne peke yake kama Hiram alivyokuambia. Walimwimbia na mtoto.

Kabla sijaweza kusimama na goti hili, Nakhumicha alikuwa amevua sweta yake. Alimfunga Kevin kiunoni, mikono ya sweta kwa mbele, akafunga fundo, akavuta likaze. Akasimama karibu naye, akawaangalia wale wanaoimba mpaka wakanyamaza mmoja mmoja.

Everlyne alimbeba Kevin wakaenda. Ulitaka kujua alivyotembea. Alitembea haraka, na alikuwa ameshika funguo zisilie.

Nasikia Kevin sasa hali chakula mkononi mwa mama yake. Na anakojoa kitandani.

Mwalimu wako alitengeneza hadithi za kusaidia watoto kubeba mambo yao. Wewe na mimi tumemtwika mtoto wa miaka minne mzigo wetu, mbele ya kaburi la mtu.

Kuna lingine. Ile yako ya karoti nilimsomea Nakhumicha. Alifikiria sana. Akauliza, "Huko kwa karoti hakuna simu?"

Sitamsomea tena Linani mpaka unijibu. Yeye anangoja, na sasa mimi pia nangoja.

Sellah


Kitale, 30 Agosti 2024

Senge,

Salamu kwako na kwa wote hapo.

Nitakuambia ukweli ingawa hautanipamba. Niliposoma pale Kevin anajikojolea, nilifurahi. Nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Sasa tumelingana." Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne nikamsimulia Mwalimu Wamboi, nikidhani atanicheka au atanisifu. Hakufanya lolote. Aliniuliza tu vile anauliza watoto, "Na wewe Viola, unahisi nini? Wapi?" Nikafungua mdomo nijibu. Uji ukaungua. Watoto hamsini na watano wakala mkate mkavu siku hiyo.

Bado namchukia Everlyne, usifikiri. Ningekutana naye leo sijui mkono wangu ungefanya nini. Lakini ile chuki nimeikalia kama kifuniko cha sufuria, na nimejua muda wote kilichokuwa chini yake.

Nilikuandikia Februari ati sijui kwa nini simu. Nilijua.

Msomee haya. Usiweke Sungura. Sema mama.

Nakhumicha mtoto wangu. Ulipokuwa Tongaren nilikuwa napiga simu kila Jumapili. Jumapili moja mwezi wa kumi ulichukua simu ukaninong'oneza, "Mama, nafungiwa stoo. Pua inawasha." Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa na wiki mbili kazini na Mama Manisha alikuwa mlangoni ananiangalia. Nilikusikia. Nilisikia kila neno. Nikakuambia, "Nyamaza, mami. Usisumbue watu. Nyamaza tu." Nikakata.

Sikukuja wiki hiyo. Nilikuja baada ya wiki tano. Nilijiambia ni mambo ya watoto, unatunga. Sikuamini hivyo. Niliogopa kufukuzwa.

Nilikuambia unyamaze, nawe ukanyamaza. Ulinitii kuliko nilivyostahili.

Mama Sungura alikuwa jikoni, amesimama, ana simu mkononi.

Senge, sijui atafanya nini na hii. Kama hatataka kuja Januari, niandikie moja kwa moja, usinizungushe. Nimefuta zile tarehe ukutani.

Viola


Bumula, 27 Septemba 2024

Viola mwanangu,

Nimesoma kama ulivyoandika, sikuongeza na sikupunguza. Alisimama mbele yangu mikono nyuma. Nilipomaliza akasema, "Soma pale pa nyamaza." Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Mara nne. Halafu akachukua karatasi akaikunja ikawa ndogo, akaiingiza ndani ya soksi ya Sungura, akaisukuma mpaka kwenye sikio. Tangu hapo anaongea. Na si kidogo. Anaongea na ng'ombe, anaongea na mimi, ameniambia mboga yangu ina chumvi. Lakini nikimuuliza kuhusu Kitale anageuza uso.

Kwa kuwa tunaandika ukweli mwaka huu, nami nina wangu. Ni nani aliyekuambia mtoto wa watu akae kwa watu wa babake? Mimi. Ulikuja kwangu kwanza na mkoba wake, na nilikuwa na chumba, na nilikuwa na maziwa. Nililea watoto sita nikachoka, sikutaka wa saba. Nikaita uchovu wangu desturi. Hujawahi kunikumbusha hilo hata mara moja, na kila barua nilikuwa nangoja unikumbushe.

Everlyne alikuja mwezi huu na Kevin. Alirudisha sweta, imefuliwa na kupigwa pasi. Shingo yake ilikuwa tupu, funguo zilikuwa mfukoni. Hakuomba msamaha. Alisema tu, "Huyu amekuwa akimuulizia yule." Sikumwingiza ndani. Sikumfukuza pia. Watoto walicheza na ndama, kisha wakaenda zao.

Shule zikifungwa, njoo. Nini kitatokea sijui.

Sellah


Bumula, 6 Desemba 2024

Senge wangu,

Nakuandikia kwenye meza yako mwenyewe, kwa kalamu ya mpwa wa padri. Umeenda Matulo kwa arusi na hutarudi mpaka kesho, na Hiram anapiga honi kila dakika ati mvua inakuja. Naiacha chini ya kopo la majani ya chai, unapoanzia siku yako. Maziwa nimechemsha. Ng'ombe amenipiga teke, kwa hivyo tumefahamiana.

Nilifika saa tatu asubuhi. Nakhumicha alikuwa uani peke yake, jirani uliyemwachia ameenda kuchota maji, amevaa soksi mkononi. Hakukimbia. Hakunikumbatia. Akasema, "Mama, njoo nikuonyeshe mahindi." Senge, sauti yake imekuwa nzito! Nilimfuata kama mbwa. Akafungua stoo yako, akasema, "Ingia uone." Nikaingia. Akafunga mlango. Nikasikia kufuli likibana.

Hakukimbia. Aliketi nje, niliona vidole vya miguu chini ya mlango. Akaanza kunisimulia. Alisimulia yote, Senge, kuanzia mwanzo, kwa sauti ya Wamboi ambaye hajawahi kumwona. Lakini aliyefungiwa katika yake si Sungura Mdogo. Ni Mama Sungura. Kulikuwa na giza. Kulikuwa na panya mmoja jina lake Padri. Dawa ya wadudu ilikuwa inanikamata koo, nikakohoa, akangoja nimalize, akaendelea. Alipofika katikati akaimba, taratibu kabisa, "Sungura yuko nje, nani yuko ndani?" Na akanyamaza ili nijibu.

Nikasema, "Mama yuko ndani."

"Anahisi nini?"

"Anaogopa."

"Wapi?"

Nikamwambia hapa, kifuani, na magotini. Nikamwambia naogopa asirudi kufungua. Akasema, "Eeh. Ndivyo iko." Halafu vidole vikaondoka.

Sijui ni muda gani. Jua lilihama kutoka ubao mmoja mpaka ubao wa tatu. Hiram alikuwa barabarani na redio yake, ningemwita angenitoa. Sikuita. Mara ya kwanza tangu mwaka jana sikuwa namfikiria Everlyne. Nilikuwa nangoja mlango, basi.

Alirudi na ufunguo. Akafungua, akaniangalia vumbi usoni, akanipangusa na Sungura, na lile sikio lenye barua ndani likanikwaruza shavu. Nikamwambia, "Mdogo hapa ni wewe. Funga hadithi." Akafikiria. Akasema, "Bado. Nitafungia Kitale."

Tunaenda naye, Senge. Ameshapanda mbele, ameketi kati ya kiti cha Hiram na changu, anamwambia Hiram aache kupiga honi, watu wanaandika.

Kwenye rafu nimeacha soksi nyingine, ya mbwa, masikio yote mawili sawa. Ni ya Kevin. Na hadithi yake moja, haina Linani. Mama yake sijamsamehe, usiniombe, na kwenye hiyo karatasi hakuna salamu yake. Mpe mtoto mkononi.

Usihangaike kutafuta kufuli la stoo. Anasema ulikuwa umempa ruhusa, najua si kweli. Amelibeba mapajani pamoja na ufunguo. Nimemwambia turudishe akasema atalirudisha siku atakayojua mlango wetu wa Kitale unafungiwa ndani au nje. Basi funga stoo yako kwa kamba kwanza.

Viola na Nakhumicha